Kioo Nilichokisoma Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja slaidi tatu kabla ya saa nne, na Mkuu wa Maabara hakunigombeza. Aliokota vipande kwa karatasi, akavitia ndani ya kopo, akaniambia, "Mikono itazoea, binti. Mimi nataka macho yako." Nilikuwa msichana wa mji mkongwe wa Bagamoyo, nimetoka chuo na koti jeupe ambalo mama alilipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Kituo cha afya chenyewe sitakitaja. Kilikuwa kando ya barabara iendayo Dar es Salaam, na waliofanya kazi pale wakisoma haya watakijua, na mimi watanijua. Haidhuru, nimeshastaafu.

Nyie vijana mnaoingia maabara leo mmekuta vipimo vya haraka, tone la damu na dakika chache tu, mstari umetokea au haukutokea. Sisi malaria tuliitafuta kwa macho. Unamchoma mgonjwa kidoleni, unalitandaza tone la damu juu ya slaidi, yaani kipande chembamba cha kioo, unaliacha likauke, kisha unalimwagia rangi ya zambarau ili mdudu aonekane. Halafu unatia tone la mafuta mazito, unashusha lenzi ya darubini, unaanza kupekua duara moja baada ya jingine. Mdudu wa malaria akiwa mchanga ana umbo la pete ya buluu yenye kitone chekundu pembeni. Shida ni kwamba rangi isipochujwa vizuri huacha mashapo, vitakataka vidogovidogo ambavyo navyo vinaweza kujikunja kama pete. Kazi yetu yote ilikuwa kujua huyu ni mdudu na hii ni takataka.

Mkuu wa Maabara alinifundisha kwa upole, na nilimpenda kama baba. Alinipa kanuni moja, nami nikaimeza nzima. "Mtu wa pwani akija na homa, mdudu yumo," alisema. "Usipomwona, hukutafuta. Kaa hapo, tafuta mpaka umpate." Basi nilikaa. Nilitafuta mpaka shingo ikakakamaa. Na wallahi, nikitafuta sana nilikuwa nampata. Yeye alikuja akainama kwenye darubini, akatazama kidogo, akasema, "Naam. Una macho, wewe." Nilirudi nyumbani siku hiyo nimevimba kichwa, mama akaniuliza kama nimeposwa.

Baadaye nilipelekwa zahanati moja upande wa Saadani, nikakaa huko miaka minne peke yangu na darubini ya kioo kimoja, ile unayogeuza kijioo chake kutafuta mwanga wa jua. Watu walinipenda. Wake wa wavuvi waliniletea samaki wa kukausha, nikanuka ng'onda mpaka kwenye nywele. Mtu akija na homa nilimpa jibu, hakuna aliyetoka kwangu mikono mitupu. Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo palipo na kisa chote. Mgonjwa akinywa dawa akapona, nilisema, umeona, alikuwa na malaria. Asipopona nilisema dawa za siku hizi zimechoka. Akipona polepole, nilisema hakumaliza dozi. Hapakuwa na mgonjwa hata mmoja ambaye angeweza kunionyesha kwamba nimekosea, na mimi hilo nililiona ni ushahidi wa ustadi wangu.

Nikarudi kituoni kwetu na cheo. Mkuu wangu wa zamani alikuwa amestaafu, na kiti chake kikawa changu. Mkuu wa Maabara, Bi Zuhura. Niliandika jina langu mlangoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Ndipo akaja Tatu.

Tatu alikuwa binti wa wakulima wa Kiwangwa, mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano, mwembamba, mpole, maneno yake ya Kikwere yakimponyoka akiwa na haraka. Siku aliyoripoti alikuja na kikapu cha mananasi, akagawia kila chumba mpaka mlinzi. Kufika mchana kituo kizima kilikuwa kinamtaja Tatu. Mimi pale nilikuwa nimetumikia miaka, sijawahi kuimbwa hivyo. Nanasi lake nilikula, lilikuwa tamu, na utamu wake nao uliniudhi.

Majibu yake ndiyo yaliyonishangaza. Watu kumi wangekuja na homa, mimi ningempata mdudu kwa saba au wanane. Yeye angempata kwa wawili. Waliobaki aliandika: Hakuna.

Nilimwita. "Mwanangu, wewe unatazama au unapitisha macho?"

"Natazama, Bi Zuhura. Duara mia, ndipo naandika."

"Na mgonjwa anatetemeka mbele yako!"

"Homa naiona, Bi Zuhura. Mdudu ndiye simwoni."

Ebo! Kitoto hiki! Nilimwambia akatafute tena, akaenda, akarudi na jibu lilelile, hakununa wala hakubisha. Angebisha ningekuwa na la kushika. Wagonjwa walilalamika, kweli, wakawa wanazunguka mlango wa nyuma, "Bi Zuhura, nipime wewe, yule binti hajui." Niliwapima, nikampata mdudu, wakaondoka wameridhika. Roho yangu ikatulia siku mbili tatu.

Haikutulia zaidi ya hapo kwa sababu ya Daktari Mfawidhi, yaani daktari anayeongoza kituo chote. Alikuwa mgeni kwetu, mtu wa kusoma sana na kusema kidogo. Nikaanza kuona anachokifanya. Mgonjwa akimtatiza, fomu anaandika "Maabara", lakini kwa mdomo anamwambia mhudumu, "Mpe Tatu." Mpe Tatu. Nilikuwa nahesabu. Wiki moja aliitaja Tatu mara tisa, mimi mara moja, na mara hiyo aliulizia ufunguo wa stoo.

Kisha ikaja darubini mpya. Ina vioo viwili vya kutazamia, taa yake ndani, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nilikuwa nimeshaitengea meza. Daktari akaingia, akaitazama, akasema, "Hii akae nayo Tatu."

"Daktari, Mkuu wa Maabara ni mimi."

"Najua, Bi Zuhura. Wewe una uzoefu, hata kwa ile ya zamani utaona."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani nimesifiwa. Nikacheka na mimi. Lakini nilishikwa na gere, wivu ule unaokula ndani. Gere si kitu cha kujivunia kwa mtu mzima, lakini nimesema nitasimulia kazi yangu, na kazi yangu miaka ile ilikuwa hiyo: nusu kutazama damu, nusu kumtazama Tatu. Nilijua ananawaje mikono. Nilijua anachuja rangi kila asubuhi kwa karatasi mpya, jambo ambalo mimi nilifanya mara moja kwa wiki na kumwona yeye ana madoido. Nikajijengea imani, nikaiamini kuliko nilivyoamini chochote: binti huyu hatazami slaidi. Anaketi mbele ya darubini yake ya kifahari, anawaza mananasi, anaandika Hakuna.

Sasa niwaambie habari za mdogo wangu. Rukia ni kitinda mimba wa mama yetu, nimembeba mgongoni mimi. Alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na sauti. Maulidi ya wanawake mtaani kwetu hayakuanza mpaka Rukia afike. Akisoma, hata akina mama waliokuja kwa ajili ya pilau walinyamaza.

Jumatatu moja asubuhi akaja kituoni, amejifunga mtandio kichwani, homa kali. Siku hiyo dirisha la kupokea damu lilikuwa la Tatu. Mimi nilikuwa chumba cha pili najaza maombi ya vifaa. Baada ya muda Tatu akaja kunong'ona.

"Bi Zuhura, nimempima mdogo wako. Hana mdudu. Nimerudia mara mbili. Ila anasema mwanga unamuumiza macho na shingo inamkaza. Tumwambie Tabibu atafute kitu kingine."

Tabibu wa zamu alikuwa kijana mpya, na Daktari Mfawidhi siku hiyo alikuwa Dar mkutanoni. Ningesema neno moja tu, "Mwambie," mambo yangekuwa mengine. Lakini kilichonipanda ni hiki: hata damu ya kwetu? Hata damu ya mama yangu huyu aiandikie Hakuna?

"Lete hiyo slaidi," nikamwambia.

Nikaiweka kwenye darubini yangu ya zamani, nikageuza kijioo, nikainama. Na niwaambie ukweli ambao ilinichukua miaka kuusema: sikuwa namtafuta mdudu ili Rukia apone. Nilikuwa namtafuta ili Tatu awe amekosea. Duara ishirini, hakuna. Arobaini, hakuna. Jasho linanitoka. Nikasogeza polepole, na pembeni kabisa, karibu na ukingo wa damu, nikamwona. Pete. Kitone.

"Huyu hapa!"

"Naomba nione, Bi Zuhura."

"Huna haja." Nikaitoa slaidi chini ya lenzi. Nikachukua fomu, nikakata Hakuna yake kwa mstari mmoja, nikaandika: Vimelea vya malaria vimeonekana. Nikatia sahihi ya Mkuu wa Maabara.

Tabibu angefanya nini? Aliniamini. Rukia akalazwa pale kituoni kwa dripu ya kwinini. Tatu akaiweka ile slaidi kwenye sanduku lake la kutunzia, akaandika namba. Siku ya pili mchana shingo ya Rukia ilikakamaa kama mti, akapata degedege mbele yangu. Akakimbizwa hospitali kubwa. Huko walimtoa maji ya mgongoni, wakasema ni homa ya uti wa mgongo, na wakasema imechelewa. Walimwokoa. Alipoamka baada ya siku nyingi, mama alimwita, "Rukia, mwanangu," akawa anatazama midomo ya mama kama anayesubiri aanze kusema. Masikio yalikuwa yamekwenda, yote mawili.

Mnadhani hapo nilijua? Hata. Mtu akitaka kuamini hakosi pa kushika. Nilisema malaria ilimpanda kichwani. Nilisema masikio yameharibiwa na kwinini, maana kila mtu wa pwani anajua kwinini huvumisha masikio. Hospitali walipoonyesha majibu ya maji ya mgongo nikasema, basi, maradhi mawili yalikutana. Nilikuwa nayo majibu yote, moja likishindwa naleta jingine.

Na mama aliponiuliza, "Ilikuwaje, Zuhura, na wewe upo hapohapo?" nikamjibu, "Yule binti wa Kiwangwa alimpima kwanza akasema hana kitu. Tukapoteza muda." Basi. Maneno hayo tu. Kufika alasiri yalikuwa yamefika msikiti wa Ijumaa, sokoni, kwa mashoga wa Rukia. Ikawa ndiyo habari yenyewe: Rukia amefanywa kiziwi na Tatu. Tulipoanza kuzungumza na Rukia kwa kuandika kwenye daftari, miongoni mwa vitu vya kwanza alivyosoma humo ni hicho, kwa mwandiko wangu.

Sikuishia hapo. Nikaandika barua kwa Daktari Mfawidhi, kwamba Tatu anaandika majibu bila kutazama, na kwamba uzembe wake umemgharimu mtu kusikia kwake, naomba aondolewe. Niliisoma barua ile mara tatu, nikaiona nzuri.

Daktari hakunijibu. Alimwita Msimamizi wa Maabara wa Wilaya, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anayeogopwa kituo hadi kituo. Kazi ya msimamizi ilikuwa kuhakiki: anachukua slaidi zilizokwisha kusomwa, zinasomwa tena na mtu asiyejua jibu la kwanza. Akaja na sanduku la slaidi, kila moja imebandikwa kijikaratasi chenye namba, na kila moja na fomu yake.

"Bi Zuhura, nisomee hizi. Kumi asubuhi, kumi baada ya adhuhuri. Kwa darubini mpya, usije ukasingizia kijioo. Tatu atasoma baada yako."

Nikasoma. Nilisoma kwa raha, wallahi, najua leo ndiyo leo. Namba nne fomu yake ilisema: homa siku tatu, kutetemeka. Nikatafuta, nikampata mdudu ukingoni, nikaandika. Nikaenda kuswali, nikala, slaidi zikabaki kwa msimamizi. Mchana akanipa kumi za pili, nikaendelea. Namba kumi na saba fomu yake ilisema: mzima, anapimwa kwa ajili ya ajira. Nikapita duara zangu, safi, nikaandika Hakuna.

Alipomaliza Tatu, msimamizi akatuita mbele ya Daktari. Akaweka mezani slaidi moja. Akabandua kijikaratasi cha kumi na saba. Chini yake kilikuwapo cha namba nne.

"Hii ni slaidi moja, Bi Zuhura. Asubuhi ina mdudu, mchana haina. Kilichobadilika ni fomu."

Nilijaribu kucheka. Nikamwambia, "Labda asubuhi niliona kitu kilichokuwa..." Sikumaliza, maana nilikuwa naanza tena. Akaniambia niiname nitazame ukingoni. Nikainama. Ilikuwapo ile pete yangu. Nikaitazama kwa jicho la mtu anayepima mzima wa ajira, nayo ikawa takataka ya rangi, shapo limejikunja, wala halina buluu.

"Slaidi ya nani?" nikauliza, na nilikuwa najua.

"Ya mdogo wako," akasema Daktari.

Tatu alikuwa anatazama sakafu. Nilikuja kusikia baadaye kwamba wazo la fomu mbili lilikuwa lake. Na mnajua nini, Mungu anisamehe: katika aibu yote ile, kilichonichoma mwanzo ni kwamba hila yenyewe ilikuwa nzuri, na sikuibuni mimi.

Msimamizi akanirudishia barua. "Nifanye nayo nini?" Nikaichana mimi mwenyewe. Walinipeleka kozi ya miezi miwili nikafundishwa upya na watoto wa umri wa Tatu. Nikarudi nikichuja rangi kila asubuhi, nikihesabu duara mia, fomu nimeilaza kifudifudi mpaka nimalize kusoma. Ofisini nilinyooka. Hilo mnaweza kuniandikia.

Nyumbani sikusema. Nilijiambia mama mgonjwa, nikamaliza kumzika nikajiambia Rukia amekwisha zoea. Miaka kumi na minne mdogo wangu aliishi nyumbani kwangu, anashona, anacheka na mimi kwa daftari, na akimwona Tatu njiani anavuka upande wa pili. Mara moja nilimuuliza Tatu, "Kwa nini hukusema mtaani?"

"Ningesema nini, Bi Zuhura? Walikuwa wameshaamini. Kila ningetia neno, wangesema najitetea."

Na yeye alipanda. Alipanda mpaka akakaa kiti cha yule mzee wa miwani, Msimamizi wa Wilaya, akawa bosi wangu. Kila alipokuja kukagua nilimwamkia kwa cheo chake, naye akaniambia, "Shikamoo, Bi Zuhura," mbele ya watu, kwa adabu zilezile za siku ya mananasi. Ningependa kuwaambia nilimpenda. Nilimwonea gere hata kwa kukosa kwake kinyongo.

Siku ya kuniaga mwaka juzi, ndiye aliyesimama kunizungumzia. Alisema mimi ndiye niliyemfundisha kuheshimu kazi. Watu wakapiga makofi. Aliposhuka akaenda moja kwa moja alipokaa Rukia, akamnyoshea mkono. Rukia akaingiza mikono yote miwili ndani ya kanga yake, akageuza uso ukutani. Ukumbi mzima uliona. Tatu akasimama na mkono wake hewani, halafu akautumia kurekebisha ushungi. Keki nilikata, lakini sikuweza kuila.

Wiki ile nikaandika yote kwenye daftari, kurasa tatu, nikampa Rukia. Alisoma akiwa kwenye cherehani. Akaanza kutikisa kichwa, kisha akacheka, akaniambia kwa ile sauti yake ya sasa, kubwa, isiyojua ukubwa wake: "Dada, una huruma mno wewe! Unamfunika mwenzio!"

Nikaandika: Sifuniki. Ni mimi.

"Kama hakukosea, mbona hakuwahi kujitetea? Miaka yote hii?"

Hoja hizo nilizijua. Zilikuwa zangu, nilizishona mimi, kazivaa yeye.

Nikampigia Tatu. Ile slaidi alikuwa nayo bado, alikuwa anaifundishia wafanyakazi wapya, bila jina, namba tu. Jumamosi akaja nayo nyumbani pamoja na darubini ndani ya sanduku. Tukaipanga juu ya meza ya chakula karibu na dirisha. Rukia alijifungia chumbani. Baadaye umbea ukamtoa, akasimama mlangoni, hamtazami Tatu, anatazama chombo. Nikamwandikia: Hii ndiyo damu yako ya siku ile. Njoo uitazame mwenyewe. Nikamwonyesha picha ya mdudu kitabuni, pete na kitone, akaisoma vizuri. Akakaa, akainama.

Alitazama muda mrefu. Mimi na Tatu tumesimama nyuma yake. Mkono wake nilikuwa nimemwekea kwenye skrubu ya kusogezea, akawa anasogeza, anasogeza, mpaka ukingoni. Akapiga ukelele.

"Huyu hapa! Dada, huyu hapa! Uliona sawasawa!"

Akageuka kunitazama, amejaa furaha, machozi yanamlenga. Na moyo wangu, msinicheke, uliruka. Miaka kumi na minne, kozi, aibu yote, na bado uliruka: huenda niliona sawa! Huenda Tatu ndiye! Nilimtazama Tatu. Akanionyesha kiti kwa kidevu. Rukia akanipisha.

Nikainama. Nikaitazama pete ile. Nikasogeza skrubu ndogo juu na chini, kama tunavyofanya kujua kitu kimo ndani ya damu au kimekaa juu yake. Kilikuwa kimekaa juu.

Nikalivuta daftari, nikaandika chini ya maneno yake, kama nilivyotakiwa kuandika Jumatatu ile: Jina, Rukia. Kipimo, malaria. Jibu, Hakuna. Nikatia sahihi, na cheo changu nisicho nacho tena, Mkuu wa Maabara. Nikamsogezea.

Rukia alisoma. Akainama tena kwenye lenzi, akainuka, akasoma sahihi. Furaha ile nikaiona inamtoka usoni kidogokidogo. "Ningekuwa nasikia," akasema. Hakuuliza, alisema tu, na kwa mara ya kwanza tangu augue aliisema kwa sauti ndogo. Kisha akasimama, akanipita, akamshika Tatu mkono kwa mikono yake yote miwili, hakuuachia.

Siku hizi ananiandikia machache: chumvi imekwisha, fundi bomba amekuja. Jumamosi anapanda gari kwenda Kiwangwa kwa Tatu, anashinda huko, wanamenya mananasi, wamejifunza lugha yao ya vidole ambayo mimi siijui. Nimewaona wakirudi pamoja mpaka mlangoni, vidole vinakimbia, Rukia anacheka kwa kicheko cha zamani, kile cha kabla. Nasimama nyuma ya pazia natazama. Nina wivu, jamani. Natazama tu.